MAJI YA TIYO MPYA: USIFUNGUE VANE MBELE YA KUONDOA KLORO



Kila mtu anafurahi akiona tiyo kubwa ya maji inaingia katika mtaa wake. Mfereji unachimbwa, kamyo zinaleta tiyo, zinalazwa moja nyuma ya ingine, na siku moja mkubwa wa kazi anasema: "Imekwisha." Furaha hiyo ni ya haki. Sisi watu wa Haut-Katanga na wa Lualaba tunajua bei ya maji safi. Kolera imeingia mara nyingi katika miji yetu, na kila mara inaanza pale watu wanapokunywa maji machafu.

Lakini katikati ya siku ile tiyo inamalizika na siku maji ya kunywa yanafika kwenye robine, kuna kazi ingine ambayo watu wengi hawaioni. Tiyo inajazwa kloro nyingi ili kuua vijidudu, kisha maji hayo yanatupwa inje. Ni juu ya maji hayo yanayotupwa tunataka kusema leo.

Mawazo yetu ni haya: kloro iliyotiwa ndani ya tiyo ni sehemu ya kazi, sawa na boulon na joints. Yule aliyeitia ndiye anapaswa kuiondoa mbele ya maji kutoka inje. Tiyo haijamalizika hata kama inapitisha maji vizuri, ikiwa maji yake ya kwanza yamechoma macho ya watoto na kuua samaki wa mto.

JUU YA NINI TUNATIA KLORO

Tusianze kwa kuilaumu kloro. Ni rafiki yetu. Katika mwaka 1897, katika mji wa Maidstone, inchi ya Uingereza, homa ya tifoide ilipita ndani ya maji ya mji. Daktari Sims Woodhead alitia dawa ya kloro ndani ya tiyo za mji mzima ili kuzisafisha. Katika mwaka 1902, mji wa Middelkerke katika Ubelgiji ulianza kutia kloro ndani ya maji ya kunywa kila siku, bila kuacha. Tangu hapo desturi hiyo imeenea dunia yote, na watu wengi sana wameokoka.

Tiyo mpya si safi, hata kama inang'aa. Imelala inje kwa majuma. Panya wamepita ndani, vumbi limeingia, maji ya mfereji yamegusa, mikono ya watu imegusa. Ukiiunga tu na tiyo za zamani bila kuisafisha, unapeleka uchafu huo katika kila nyumba. Kwa hiyo mtumikaji anayesema, "Tuache kloro, inasumbua," anakosa sana. Kloro lazima itiwe, na itiwe ya kutosha.

KIASI GANI?

Kwanza tiyo inaoshwa kwa maji yenye nguvu ili mchanga utoke. Kisha inajazwa maji yenye kloro. Njia moja inayojulikana sana ni kutia miligrama 25 za kloro katika kila lita, na kuacha maji yalale ndani kwa saa 24. Nyuma ya saa hizo wanapima: lazima zibaki miligrama 10 au zaidi. Ikiwa zimebaki chini ya hapo, ni alama kama uchafu umeikula kloro, na kazi inaanzwa tena. Kisha maji hayo yanatolewa, tiyo inajazwa maji ya kawaida, na maji yanapelekwa laboratware kutafuta vijidudu. Jibu likiwa zuri, ndipo tiyo inafunguliwa kwa watu.

Tufanye hesabu ndogo. Tiyo yenye upana wa milimeta 600 na urefu wa kilometa moja inabeba lita 283 000 hivi. Kwa miligrama 25 kila lita, ni kilo 7 za kloro safi. Ukitumia kloro ya unga yenye nguvu ya 65 kwa 100, ni kama kilo 11 za unga. Na tiyo nyingi hazina kilometa moja tu.

Sasa linganisha. Maji mazuri ya robine yana kloro kidogo sana, mara nyingi miligrama 0,2 mpaka 0,5 kwa lita. Shirika la Afya la Dunia, ile tunaita OMS, linasema maji ya kunywa yasipite miligrama 5. Na samaki je? Tangu miaka ya 1980 serikali ya Marekani imeandika kama katika maji ya mito kloro isipite miligrama 0,019 kwa lita hata kwa saa moja. Samaki anapumua ndani ya maji, na kloro inaharibu mashavu yake ya kupumulia. Maji ya tiyo yenye miligrama 10 yanapita kipimo hicho zaidi ya mara 500. Ili maji ya kilometa moja ya tiyo yetu yasimuumize samaki kwa kuchanganyika na maji mengine tu, mto utahitaji lita karibu milioni 149. Ni mto gani mdogo wa kwetu unaopita kambini wenye maji hayo katika mwezi wa nane?

MAJI HAYO YANAKWENDA WAPI?

Hili ndilo ulizo kubwa. Mtumikaji anafungua vane ya kutolea maji, maji yanaruka kwa nguvu, yanaingia katika mfereji wa barabara, na yeye anaangalia saa yake. Lakini mfereji una njia yake.

Unapita kwanza mbele ya nyumba. Watoto wakiona maji mengi wanavua nguo na kuingia. Mama ambaye robine yake imekauka siku tatu anakuja mbio na bido na ndoo. Maji ni meupe, yanaonekana mazuri. Harufu ya kloro inamfanya kuwaza kama ni maji ya dawa, salama kuliko yote. Anaweka katika bido ya kunywa. Maji hayo yamepita kipimo cha kunywa mara mbili au zaidi, yanachoma macho na koo, na laboratware haijasema neno juu ya vijidudu vyake.

Kisha mfereji unapita katika mashamba madogo, pale tunalima lengalenga na sombe. Kisha unaingia katika kijito, na kijito katika mto: Lubumbashi, Kafubu, Luilu, Musonoi, Lufira, kila mji na wake. Maji ya Lufira yanakwenda mpaka katika ziwa la Tshangalele, pale kizuizi cha Mwadingusha kinapoyasimamisha, na samaki wa pale wanaliwa Likasi na Lubumbashi. Kloro ya tiyo moja haitafika huko, ni kweli, itakwisha njiani. Lakini itakwisha kwa kula kila kitu kilicho hai katika meta za kwanza za kijito: samaki wadogo, wadudu wanaolisha samaki, majani ya maji. Na watoto wanaotega samaki katika kijito hicho watawaokota wakielea.

Katika wakati wa jua, tangu mwezi wa tano mpaka wa kenda, hatari inaongezeka. Mara nyingi tunalaza tiyo katika miezi hiyo, kwa sababu mifereji haina matope. Lakini ni miezi hiyo mito ina maji kidogo kabisa.

NAMNA YA KUONDOA KLORO

Wandugu, kazi hii si ngumu. Kuna dawa zinazokamata kloro na kuigeuza kuwa chumvi isiyodhuru. Dawa zinazojulikana ni vitamini C, tiosulfati ya sodi, sulfiti ya sodi, na metabisulfiti ya sodi.

Hii ya mwisho watumikaji wengi wa hidrometalurgi wanaijua vizuri: ndiyo mifuko ya unga mweupe inayotumiwa katika masini za kobalti. Kwa kila kilo moja ya kloro, hesabu inaomba kilo 1,34 za metabisulfiti, au kilo 1,8 za sulfiti, au kilo 2,5 za vitamini C.

Turudi katika mfano wetu. Maji yana miligrama 10, yanatoka lita 50 kwa sekunde. Ni kusema grama 30 za kloro zinatoka kila dakika. Kwa hiyo unahitaji grama 75 za vitamini C kila dakika, au grama 40 za metabisulfiti. Kilometa nzima ya tiyo itatoka kwa saa moja na nusu hivi, na itaomba kilo 7 tu za vitamini C. Kilo saba, ndugu! Kwa tiyo iliyolazwa na masini na watu wengi kwa majuma!

Dawa unaiyeyusha katika fito moja ya maji safi, na kuiacha idondoke kwa kipimo pale maji yanapotoka, mahali yanapozungukazunguka ili ichanganyike. Au, kama kuna nafasi, unachimba bwawa, unaweka shiti ya plastiki chini, unajaza, unatia dawa, unapima, kisha unaachilia polepole. Bwawa ni njia nzuri kuliko zote, kwa sababu hakuna tone linalotoroka mbele ya kupimwa. Pale hakuna haraka, jua lenyewe litasaidia kuondoa kloro katika bwawa la wazi. Lakini lazima bwawa liwe na kizuizi na mlinzi, juu ya watoto.

Usitie dawa kupita kiasi ukisema, "Nyingi ni nzuri." Sulfiti na metabisulfiti zikibaki katika maji zinakula oksijeni, na samaki aliyeponyoka kloro atakufa kwa kukosa pumzi. Vitamini C nyingi inafanya maji kuwa na asidi. Kipimo ni kipimo.

ANGALIA KIPIMO CHAKO

Hapa kuna mtego unaodanganya hata mafundi. Wengi wanapima kloro kwa dawa ya DPD: maji yakiwa na kloro yanageuka rangi ya waridi. Lakini kloro ikiwa nyingi sana, inafuta rangi hiyo yenyewe. Maji yanabaki meupe, na fundi anaandika: "Sifuri." Kumbe ni hatari kabisa!

Kwa hiyo, kwa maji ya tiyo mpya, chukua sehemu moja ya maji hayo na sehemu kenda za maji yasiyo na kloro, upime, kisha uzidishe mara kumi. Ukiona rangi ya waridi inakuja na kupotea mara moja, usifurahi. Punguza tena na upime tena. Na upime mahali pawili: pale maji yanapotoka katika tiyo, na pale chini, mbele hayajaingia katika mfereji wa watu. Kipimo cha kwanza kinakuonyesha dawa ngapi utie. Cha pili kinakuonyesha kama kazi imefanyika.

USALAMA WAKO MWENYEWE

Anayelinda samaki asijisahau. Kloro ya unga ni dawa kali. Vaa miwani, gants, na botte. Isiguse mafuta wala grese, kwa sababu inaweza kuwasha moto yenyewe. Usiiweke karibu na asidi, maana kloro ikikutana na asidi inatoa gazi ile ile iliyoua askari katika Ubelgiji mwaka 1915.

Metabisulfiti nayo isikutane na asidi: inatoa gazi ya sulfiri inayofunga kifua. Usiingie nayo katika shimo la vane bila hewa na bila mwenzako juu. Na zaidi ya yote: usichanganye kloro ya unga na dawa ya kuiondoa zikiwa kavu. Moja inachoma, ingine inachomwa. Zikikutana katika ndoo moja ni moto. Kila moja iwe na magazini yake, ndoo yake, na kijiko chake.

Na ninyi mama wa nyumba, fundisho hili ni lenu pia: maji ya javeli hayachanganywi na dawa ya asidi ya kusafisha choo. Ni gazi ile ile, katika nyumba ndogo, pamoja na watoto.

MANENO TUNAYOSIKIA

Wako watu watasema: "Mto umekwisha kuharibika. Katika inchi ya mukuba, nani anahesabu kloro kidogo?" Tunajibu: mgonjwa aliye na malaria hapewi kuhara juu yake kwa sababu "amekwisha kuwa mgonjwa." Mto uliochoka unahitaji huruma kuliko mto wenye nguvu. Tena, mtumikaji anayezoea kusema "mto umekwisha" kwa kloro, kesho atasema hivyo kwa asidi.

Wengine watasema: "Sheria iko wapi?" Sheria iko. Inchi yetu ina sheria ya mazingira ya mwezi wa saba mwaka 2011, na sheria ya maji ya mwezi wa kumi na mbili mwaka 2015. Lakini tusingojee polisi kutufundisha kutunza kijito ambacho watoto wetu wanaogelea.

Wengine watasema: "Watu hawana maji, na ninyi mnataka kuyafunga katika bwawa?" Neno hili lina uzito, na hatulipiti mbio. Ni kweli, ni haya kumwaga lita maelfu na maelfu mbele ya mama mwenye ndoo tupu. Kwa hiyo maji haya yasimwagwe bure. Nyuma ya kuondoa kloro na kupima, yanaweza kunyunyizwa katika barabara za kamyo kupunguza vumbi linalotuharibu mapafu, na yale yanayobaki yamwagilie miti. Maji ya kloro ya sehemu moja ya tiyo yanaweza pia kupitishwa katika sehemu inayofuata, na kuongezwa kloro kidogo, badala ya kutupwa. Na siku ya kazi, kamyo moja ya maji mazuri ya kunywa isimame katika mtaa. Mtu aliye na maji mazuri karibu hatachota katika mfereji. Aliyekauka atachota, hata ukipiga makelele siku nzima.

TUNAOMBA NINI

Tunaomba maneno manne, na si ya bei.

Moja: katika kila karatasi ya kazi ya tiyo mpya, mstari mmoja uandikwe juu ya kuondoa kloro, pamoja na kiasi cha dawa, na jina la mtu anayejibu. Kazi isiyo na jina haina mwenyewe.

Mbili: vane ya kutolea maji isifunguliwe mpaka kipimo cha pale chini kimeandikwa na kutiwa sahihi. Hata kama shefu ana haraka, hata kama wageni wakubwa wanangojewa kesho kufungua robine.

Tatu: watu wa mtaa wajulishwe siku mbili mbele, kwa Kiswahili, kwa mdomo na kwa karatasi: maji yatapita hapa saa fulani, msichote, msioge, msinyweshe mbuzi. Walimu wa shule waambiwe pia, kwa sababu mtoto anamsikia mwalimu.

Nne: mtumikaji anayekataa kufungua vane kwa sababu maji hayajapimwa asigombezwe. Huyo anafanya kazi ya usalama, sawa na yule anayesimamisha masini akisikia sauti mbaya.

Na wewe msomaji, ukiona maji mengi yenye harufu ya javeli katika mfereji wako, ita watoto, waambie majirani, kisha nenda kwa mkubwa wa kazi na kumuuliza kwa heshima: "Baba, maji haya yamepimwa? Kiasi gani?" Mkubwa aliyefanya kazi vizuri atakuonyesha karatasi yake kwa furaha. Asiye na karatasi atakumbuka kuwa nayo siku ingine.

Maji mazuri kwenye robine, maji mazuri katika kijito: tiyo moja inapaswa kutupatia yote mawili.